Gari Linalia au Linavuma?

Karakana ninayoijua mjini Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo, ni mwembe. Chini yake pana gogo la kukalia, turubai lililolowa mafuta, na siku ile palikuwa na Land Cruiser ya zamani, boneti ikiwa wazi.

"Papa, gari iko inalia," dereva alisema.

Fundi hakushika spana. "Iko inalia ama iko inavuma?"

Dereva akafikiri. "Inavuma. Hata ikiwa imesimama, kwenye pwemori."

"Ukikanyaga ambreaji?"

"Inanyamaza."

"Basi meno ni mazima. Ni ruluma ya mbele."

Msomaji mwenzangu, tazama fundi alichokifanya. Kabla ya kufungua bolti hata moja, alichagua kitenzi. Dereva naye akakipima, akakikubali, na kati yao wawili kazi ya siku nzima ya kulikagua bwati, yaani giaboksi, jino kwa jino ikageuka kuwa kazi ya kutafuta kipuri kimoja.

Tunaandika "kelele za giaboksi" kila mahali, na neno hilo linaniudhi. Kelele ni karaha ya sikio langu. Neno halisemi chochote kuhusu kinachotoa sauti: sokoni kuna kelele, watoto wana kelele. Fundi akiambiwa gari lina kelele, ameambiwa tu kwamba mwenye gari amechoka.

Mvumo ni neno jingine kabisa. Nyuki huvuma, upepo huvuma, na Ziwa Tanganyika huvuma usiku likichafuka. Mvumo hauna mapigo ya kuhesabika. Hupanda na kushuka tu. Ndivyo inavyolia beringi iliyoliwa: vishimo vyake ni vingi na mzunguko ni wa kasi, basi mapigo yote huungana yakawa sauti moja ndefu. Wahenga waliokuwa na ngoma tu walishaona kwamba ivumayo haidumu.

Mkwaruzo ni wa mara moja na ni mfupi. Hutokea wakati wa kubadili, meno mawili yanapokutana kila moja likiwa na mwendo wake. Usiuchanganye na msago. Kusaga ni kazi ya kinu, na Fizi, nchi ya ugali wa muhogo, hakuna asiyejua kwamba kusaga hutoa unga. Gia inayosaga nayo hutoa unga wake, wa chuma, na utaukuta ndani ya oili ukifungua kizibo cha chini. Neno limekwisha kukuambia pa kuchungulia. Kishindo, kwa upande wake, ni pigo moja zito unapoachia mafuta kisha ukakanyaga tena. Hapo mara nyingi giaboksi linasingiziwa, na mwenye kosa ni kardani au difu.

Kwa sauti, basi, hatuhitaji kukopa. Kwa vipuri tumekopa, na Baraka tumekopa mara mbili.

Wapo waliojifunza ufundi kwa Kifaransa cha Bukavu na Uvira: vitesi, bwati, ambreaji, ruluma. Wapo waliovuka ziwa wakati wa vita vya 1996, wakaishi Kigoma katika kambi kama Lugufu na Nyarugusu, na walipoanza kurudishwa kwa meli mpaka Baraka mwaka 2005 walikuja na gia, giaboksi, klachi, beringi. Chini ya mwembe mmoja kipuri kimoja kina majina mawili, na vijana huyatumia yote katika sentensi moja bila kujikwaa. Tangu Kongo itie saini kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, Aprili 2022, jambo hili si la Baraka peke yake tena. Wanaotunga kamusi Dar es Salaam wangefanya vyema kuja kukaa kwenye gogo hili.

Vitesi ni mwendo. Gia ni meno yenyewe. Kifaransa kimetaja matokeo, Kiingereza kimetaja chombo. Kwa fundi anayetafuta ugonjwa mimi nampa gia, kwa sababu ugonjwa uko kwenye chombo.

Sanduku la gia wengi wamelizoea. Kwangu halikai vizuri: sanduku ni la nguo, hufunguliwa kwa mfuniko na hubebwa kichwani, na kwa watu wengi ni jeneza pia. Kasha ni zito, limefungwa pande zote, na hubeba vitu vya thamani. Waswahili wa pwani walilipata kwa Wareno na wakalifanya lao. Kasha la gia: litamke mara tatu, utaona linavyokaa.

Ruluma na beringi zinapendeza zikiwekwa pamoja. Kwa Kifaransa kipuri hicho hubiringika. Kwa Kiingereza hubeba. Vyote viwili ni kweli, kwa kuwa hubeba kwa kubiringika. Nilijaribu kuunda "kibiringishi" na nimekitupa; kinatia ulimi kwenye matope. Beringi ibaki, ila vitufe vya ndani viitwe kwa jina ambalo kila mtoto aliyecheza mchangani analijua: gololi.

Shafti Wafaransa huiita mti. Nawaonea wivu kidogo, maana huo mti unazaa meno. Sisi tuna mhimili, kutoka kuhimili, kustahimili uzito. Na shafti ndani ya kasha hufanya hilo hilo, husimama katikati na kubeba wengine. Mhimili wa kuingilia, mhimili wa kati, mhimili wa kutokea. Sioni tulichopungukiwa.

Sinkro ni neno la ajabu kwa kuwa pande zote mbili za ziwa hulitamka karibu sawa, na pande zote mbili halieleweki. Kipuri chenyewe ni pete ya shaba ya njano inayoilazimisha gia na mhimili wake vifikie mwendo mmoja kabla meno hayajashikana. Kiswahili kina kitenzi kilichokuwa kikiisubiri: kulinganisha. Kilinganishi. Mwanafunzi akiambiwa "kilinganishi kimelika" anaelewa papo hapo kwa nini gari linakwaruza likienda gia ya pili na halikwaruzi likiwa limesimama. Katika makala haya yote, hilo ndilo neno ninaloliomba kwa moyo wote.

Pwemori sasa. Maana yake ni nukta iliyokufa. Ng'ambo ya ziwa hali hiyo hiyo huitwa frii, yaani huru. Mmoja kaona maiti, mwingine kaona mtu aliyefunguliwa kamba! Lakini sikiliza kasha likiwa katika hali hiyo, injini ikiwaka: mhimili wa kuingilia unazunguka, wa kati unazunguka, na beringi mbovu inavuma kama ile ya dereva wetu. Hakuna aliyekufa humo. Wala si uhuru, ni kupumzika kwa magurudumu tu. Ningeiita gia ya pumziko.

Hesabu ya gia huku husemwa kwa Kifaransa, na hilo linanisikitisha kuliko mkopo mwingine wowote. Katika milima hii hii ya Fizi, mwaka 1965, Wakuba waliokuja kupigana waliacha majina yao wakachukua namba zetu: Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, Che Guevara mwenyewe akawa Tatu. Wageni walizikopa namba zetu wakajiita kwazo, nasi tunaazima namba za kuitia gia.

Limebaki jambo la gia kutoka yenyewe. Wengine husema inaruka, wengine inatema. Kuruka ni kwa hiari, na kutema kuna chuki ndani yake. Mimi nasema imechomoka. Chomeka, chomoa, chomoka: kitu kilichokuwa kimeshikwa kimeachiwa bila mtu kukivuta, kwa sababu kinachokishika kimelegea. Kitenzi kimesema mahali pa kutazama, kwenye kishikio na springi yake.

Nilishuka kutoka Fizi hadi Baraka na dereva ambaye gia yake ya tatu ilikuwa hivyo. Mkono wake wa kulia haukuacha usukani hata mara moja isipokuwa kwenda kwenye wenzo wa gia, na hapo aliukandamiza kwa kiganja mteremko mzima. Tulipofika tambarare ndipo alipoulegeza. Gia ikachomoka.

"Umeona?" akaniambia. "Haikuruka. Imechoka kushikwa."