Nani yuko katikati ya waya? Historia fupi ya simu za biashara, kutoka swichibodi hadi wingu

Ubaruku, wilayani Mbarali, ni mji mdogo unaoishi kwa mpunga. Msimu wa mavuno ukifika, mashine za kukoboa zinanguruma mchana kutwa, malori yanapanga foleni, na bei ya mchele inaweza kubadilika kabla jua halijazama. Katika hali hiyo simu moja ina thamani kubwa. Mnunuzi wa Tandale, Dar es Salaam, akipiga kuulizia mzigo asipopokelewa, hakai kusubiri. Anapiga mashine ya jirani, na lori linapakia huko.

Siku hizi wenye biashara ndogo wanashauriwa kila kona: "Hamia kwenye simu za wingu." Maana yake ni kwamba biashara inakuwa na namba moja. Mteja akipiga, simu inapita kwenye kompyuta iliyoko mbali, inamsalimia, kisha inalia kwa karani, kwa meneja, hata kwa mwenye mashine aliyeko safarini Tunduma. Ukitaka, mazungumzo yanarekodiwa na mwisho wa siku unapata ripoti ya simu ngapi zilipokelewa na ngapi zilipotea. Kwa mtu wa Ubaruku hiyo ni faida, au ni gharama nyingine tu?

Tunaweza kulijibu swali hili kwa kulinganisha bei, lakini bei hubadilika kila mwezi. Historia inatusaidia zaidi, kwa sababu tangu simu ianze kutumika kibiashara swali la msingi limebaki lile lile: kati ya mimi na mteja wangu, nani yuko katikati, na ana nguvu gani?

Mfanyabiashara wa mazishi aliyechoshwa na opareta

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Muda si mrefu watu wakagundua tatizo: huwezi kuvuta waya kutoka kila nyumba hadi kila nyumba nyingine. Kwa simu 10 tu ungehitaji waya 45, na kwa simu 100 ungehitaji waya 4,950. Suluhisho likawa kuleta waya zote sehemu moja, kwenye swichibodi, na kumweka opareta wa kuziunganisha kwa mkono.

Kwa hiyo katikati ya waya alikaa mtu, na mtu ana ndugu, marafiki na maslahi yake. Inasimuliwa kwamba huko Kansas City, Marekani, mfanyabiashara wa mazishi aitwaye Almon Strowger aliamini kuwa simu za wateja wake zinapelekwa kwa mshindani wake, kwa sababu opareta alikuwa na uhusiano na huyo mshindani. Badala ya kuendelea kugombana, Strowger alibuni mtambo wa kuunganisha simu bila opareta. Alipewa hataza mwaka 1891, na mwaka 1892 kituo cha kwanza cha aina hiyo kilianza kazi La Porte, Indiana. Yaani mtambo uliotawala simu duniani kwa miongo mingi ulitokana na hofu ya mwenye biashara ndogo kuibiwa wateja.

Kwetu, waya ulikuwa wa serikali

Neno "simu" lenyewe linatokana na Kiajemi, *sim*, maana yake waya. Lilitumika kwanza kwa simu za maandishi, zile za kugonga nukta na vistari. Waya wa chini ya bahari ulifika Zanzibar mwaka 1879, na wafanyabiashara wa karafuu na pembe wakaanza kupata habari za bei kwa saa badala ya wiki.

Mwaka 1933 huduma za posta na simu za Tanganyika, Kenya na Uganda ziliunganishwa. Baada ya uhuru zikawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makao makuu ya shirika yakahamishiwa Kampala. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na waya zake, na kwetu likazaliwa Shirika la Posta na Simu Tanzania.

Katika miaka hiyo "mfumo wa simu wa biashara" ulikuwa ni swichibodi ya ofisini. Kiwanda au shirika la umma lilikuwa na laini chache za nje na simu nyingi za ndani, na opareta anayekuuliza unamtaka nani. Mashirika makubwa yaliweza. Mbarali kulikuwa na shamba kubwa la mpunga lililojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970 na kuendeshwa na NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula. Mkulima mdogo wa jirani yake au mwenye mashine moja ya kukoboa hakuwa na laini wala swichibodi. Aliandika barua, alituma ujumbe na dereva wa lori, au alifunga safari kwenda posta kupanga foleni. Bei ya mchele Dar aliisikia kwa dalali. Dalali ndiye aliyekuwa katikati ya waya, na aliijua vizuri faida ya kukaa hapo.

Simu ya mkononi ilimwondoa dalali, ikamleta karani

Mwaka 1994 mambo mawili yalitokea. Posta na simu zilikwisha kutenganishwa, TTCL ikaanza kazi kama kampuni ya simu. Na mwaka huo huo Mobitel ikaanzisha simu za mkononi nchini. Vodacom ikaingia mwaka 2000, Celtel (leo Airtel) mwaka 2001, na mwaka 2015 Halotel ikaja na mkazo mkubwa vijijini. M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, simu ikawa pia sanduku la fedha: unapiga, unakubaliana bei, unapokea malipo ya awali, lori linaondoka.

Mkulima sasa akaweza kumpigia mnunuzi moja kwa moja. Lakini angalia kilichotokea kwenye biashara zenye wafanyakazi. Namba inayopigiwa na wateja ni ya nani? Mara nyingi ni ya karani, imesajiliwa kwa jina lake, na tangu usajili wa alama za vidole uanze mwaka 2019, imefungwa kwenye kidole chake. Karani akiugua, simu hailii ofisini. Akihamia mashine ya jirani, wateja wa miaka mitano wanahama naye bila hata kujua. Hana kosa, namba ni yake kihalali. Lakini tumerudi kwa Strowger: mtu mmoja amekaa katikati, na biashara haina la kufanya.

Tatizo hili la umiliki, zaidi ya salamu nzuri za kurekodiwa, ndilo ambalo mfumo wa simu wa biashara unatakiwa kulitatua.

Sauti ilipogeuka pakiti

Kupiga simu kwa intaneti ni wazo rahisi. Sauti yako inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, kila kipimo kinaandikwa kwa biti 8, jumla biti 64,000 kwa sekunde. Namba hizo zinakatwa vipande vya milisekunde 20, kila kipande kinawekwa kwenye pakiti yenye anwani, kinatumwa. Ukijumlisha na uzito wa "bahasha" zenyewe, simu moja inakula takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Kwa dakika kumi ni kama megabaiti 13. Kuna njia za kubana sauti zinazoshusha hiyo hadi chini ya megabaiti 5. Kwa hiyo bando si kikwazo kikubwa kama wengi wanavyodhani: simu tatu kwa wakati mmoja hazifikishi hata robo tatu ya megabiti kwenda na kurudi.

Mwaka 1999 ulikuwa muhimu. Ndipo itifaki ya SIP, lugha ambayo mifumo ya simu za intaneti hutumia kuitana, ilichapishwa kwa mara ya kwanza. Mwaka huo huo kijana Mark Spencer, aliyekuwa ameanzisha kampuni ndogo Alabama, alihitaji swichibodi na hakuwa na fedha za kuinunua. Akaiandika mwenyewe kama programu, akaiita Asterisk, na akaiachia dunia bure. Kuanzia hapo kompyuta ya kawaida iliweza kufanya kazi ya kabati zima la mitambo.

Kwetu ilichelewa, na si kwa sababu ya ujuzi. TTCL ilikuwa imepewa haki ya pekee ya huduma za simu za mezani na za kimataifa hadi Februari 2005, na simu za intaneti zilibanwa na mipaka hiyo. Halafu kulikuwa na suala la njia. Kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kufika mwaka 2009, intaneti yetu ya nje ilipita zaidi kwenye setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta. Sauti ikipanda na kushuka inachukua kama robo sekunde, na jibu robo nyingine. Mnaongea mnagongana. Wataalamu wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano wanapendekeza ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yawe ya kawaida. Mwanga ndani ya mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo hata seva ikiwa Ulaya, kilomita 10,000 za waya, safari ni milisekunde 50 tu. Mkongo ndio ulioleta simu za wingu Afrika Mashariki.

Wingu ni kompyuta ya mtu mwingine

Jina "wingu" linadanganya kidogo. Hakuna kinachoelea. Swichibodi yako imetolewa ofisini na kuwekwa kwenye jengo la mtu mwingine, nawe unalipa kwa mwezi. Hata wazo si geni: miaka ya 1960 kampuni za simu za Marekani zilikuwa tayari zinauza huduma iliyoitwa Centrex, ambamo swichibodi ya ofisi ilikaa kwenye kituo cha kampuni ya simu.

Ikiwa jengo hilo liko nje ya nchi, mazungumzo kati ya Ubaruku na Tandale yanaweza kwenda baharini na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya SEACOM na EASSy ilikatika pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Simu ya kawaida ya laini kwa laini ndani ya nchi haina haja ya kupita baharini. Mfumo ulioweka ubongo wake Ulaya au Cape Town unaihitaji hiyo njia kila simu inapolia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Tumchukulie mwenye mashine mmoja wa kubuni: wafanyakazi wanne, simu nyingi Mei hadi Agosti, chache miezi mingine. Aulize hivi:

1. *Namba ni ya nani?* Isajiliwe kwa jina la biashara, si la karani wala la fundi aliyefunga mfumo. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao wa simu ya mkononi bila kubadili namba. Kwa namba ya mfumo wa wingu, dai jibu la maandishi: nikiacha huduma, naondoka nayo?

2. *Inaanza na +255?* Mtoa huduma wa nje anaweza kukupa namba ya nchi nyingine, na mnunuzi hatapiga simu ya kimataifa kuulizia mchele. Mtoa huduma awe na leseni ya TCRA. Bei ikiwa chini mno, jihadhari: simu za kimataifa zinazojifanya za ndani ni kosa, na tangu 2013 TCRA ina mtambo wa TTMS wa kufuatilia simu zinazopita.

3. *Umeme au intaneti vikikatika, simu inalia wapi?* Jibu sahihi ni: kwenye laini ya kawaida ya mkononi, yenyewe, bila mtu kubonyeza kitu. Kama halipo, huo mfumo si wa Ubaruku.

4. *Rekodi zinakaa wapi?* Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Ukirekodi wateja, waambie, na ujue nani mwingine anaweza kusikiliza.

5. *Naweza kulipa kwa msimu?* Mkataba wa miezi 12 kwa biashara ya miezi minne ni kulipia ghala tupu.

Na afanye jaribio dogo: wiki moja, saa ya kazi, mashine zikiwa zimewashwa, watu watatu wapige kwa pamoja kupitia mtandao ule ule atakaoutumia. Asikubali kuonyeshwa mfumo ukifanya kazi kwenye ofisi ya Dar.

Kwa biashara ya watu wanne, huenda jibu likawa bado si wingu. Laini moja iliyosajiliwa kwa jina la biashara, kwenye simu inayobaki mezani, ikiwa imewekewa kuhamisha simu isipopokelewa, na WhatsApp Business kwa picha na bei, inatatua tatizo la karani kwa gharama ndogo sana. Wingu linaanza kulipa pale simu zinapoingia kwa pamoja kuliko mtu mmoja anavyoweza kupokea, au pale biashara inapokuwa na matawi, tuseme mashine Ubaruku na duka la mchele Mbeya mjini.

Kila teknolojia tuliyoipitia ilimwondoa mtu fulani katikati na kumweka mwingine: opareta, shirika, dalali, karani, na sasa kampuni yenye seva. Katikati hapatabaki wazi. Lakini mwenye mashine anaweza kuhakikisha kwamba yeyote anayekaa pale amekaa kwa mkataba, na kwamba siku ya kuachana, namba inabaki Ubaruku.