Ngoma za Kiangazi na Rafu za Mlimani

Kila jamii ina kalenda yake, na kalenda hiyo ndiyo huonyesha lini watu wake hutoka jasho na lini hucheka. Katika nchi ya Wasukuma mwaka una nusu mbili: nusu ya jembe na nusu ya ngoma. Katika Chuo Kikuu nako mwaka una nusu mbili: majira ya masomo, na majira ya likizo ambapo mabweni hubaki tupu. Makala hii inakusudia kueleza jinsi kalenda hizi mbili zilivyokutana katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuuliza kama mkutano huo umewafaa wenye ngoma wenyewe.

Tutaangalia hasa upande wa mashariki wa Usukuma, yaani Bariadi na jirani zake. Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, uliundwa mwaka 2012 kutoka sehemu za Mikoa ya Shinyanga na Mwanza, na umepewa jina la mto Simiyu unaotiririka kuelekea Ziwa Viktoria. Lakini ikiwa mkoa ni mpya, wenyeji wake si wapya. Hii ni nchi ya Ntuzu, nchi ya ng'ombe, mtama na pamba. Mvua hushuka kuanzia Novemba hivi, na tangu hapo kila mwenye nguvu yumo shambani. Mtama na mahindi yakishavunwa, na pamba ikishachumwa na kuuzwa, hapo ndipo vumbi la kiangazi huinuliwa na miguu ya wachezaji. Kuanzia Juni hadi Agosti husikika ngoma, ambazo Wasukuma huziita mbina.

Asiyezijua ngoma hizi hudhani ni burudani tu ya watu waliokwisha kushiba. Sivyo. Wachezaji wamegawanyika tangu karne ya 19 katika vyama viwili vikuu, Bagika na Bagalu, na mapokeo huwataja Ngika na Gumha kuwa waasisi wake. Makundi ya pande hizi mbili husimama kukabiliana katika uwanja mmoja, kila moja likicheza kwa wakati uleule, na ushindi ni wa yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Umati ndio mwamuzi. Mashindano yaweza kuendelea siku kadhaa. Kwa hiyo kiongozi wa nyimbo, ambaye huitwa ningi, hana budi kuwa na jambo jipya la kusema. Hutunga juu ya bei ya pamba, juu ya ukame, juu ya kiongozi mzuri na kiongozi mlafi, juu ya ndoa na mauti. Humcheka mpinzani wake, na pia huwaonya wasikilizaji. Katika vijiji ambavyo gazeti halikufika, ningi ndiye aliyekuwa gazeti.

Basi hapa ndipo linapozuka tatizo la mwanahistoria. Wimbo wa msimu hufa na msimu. Mwaka unaofuata ningi huyo huyo huona haya kurudia wimbo wa jana, kwa maana umati utamhama. Lililosemwa juu ya njaa ya mwaka fulani hubaki katika vichwa vya wachache, nao wakifa, limekufa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Wa kwanza kulifungua daftari hilo hawakuwa watoto wa nchi. Mmoja aliyeandika mengi juu ya Wasukuma alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna, aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika kuchunguza mila na desturi. Aliandika juu ya chama cha Bayeye, mafundi wa nyoka, na juu ya michoro yao ya ukutani; mwaka 1951 alitoa kitabu juu ya mtemi na taratibu za kumsimika, na mwaka 1953 kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma. Tusijidanganye juu ya shabaha ya kazi hiyo. Mkoloni alitaka kumjua mtawaliwa ili amtawale kwa gharama ndogo. Hata hivyo karatasi zina tabia moja ya ajabu: humtumikia aliyeziandika kwa muda, kisha humtumikia yeyote azisomaye. Cory alifariki mwaka 1962, na karatasi zake nyingi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Chuo hicho kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, kikiwa na wanafunzi 14 tu wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu kamili. Katika miaka hiyo hiyo taifa changa lilikuwa likitafuta nafsi yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, ili yale yaliyodharauliwa na mkoloni yapate heshima yake. Wanahistoria wa Mlimani nao walianza kuyapa masimulizi ya wazee uzito waliokuwa wakiupa waraka wa serikali. Mwaka 1969 Kimambo na Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichoandikwa kwa mwelekeo huo. Mwaka 1975 Terence Ranger, aliyekuwa amefundisha historia hapo, alitoa kitabu kizima juu ya ngoma ya beni. Tangu hapo hakuna msomi aliyeweza kusema kwamba ngoma si historia.

Maktaba yenyewe ina misimu kama shamba. Mitihani ikikaribia, hakuna kiti kitupu. Wanafunzi hufika alfajiri, na sauti pekee ni ya kurasa. Mitihani ikiisha, vyumba hupoa, na mabasi ya bara huwabeba vijana kwenda kwao. Mwaka wa masomo wa siku hizi huanza Oktoba au Novemba, hivyo likizo ndefu huangukia miezi ya kiangazi. Mwanafunzi wa Bariadi aliyeacha vitabu zaidi ya kilometa elfu moja nyuma yake huifikia nchi yake ngoma zikiwa bado uwanjani. Akiwa na daftari na masikio mazuri, hurudi Mlimani na mavuno ambayo hayakupimwa kwa mizani ya pamba.

Mavuno hayo yamekwisha kuzaa tasnifu. Mwaka 1988 Elias Songoyi aliwasilisha katika Chuo hicho tasnifu juu ya msanii na dola, akiwachunguza waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila. Kabla ya hapo, mwaka 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, huko huko Usukuma, wakashirikiana na wanakijiji kuyachambua matatizo yao kwa njia ya sanaa zao wenyewe. Hapo Chuo hakikwenda kuchota tu. Kilikwenda pia kukaa na kusikiliza.

Lakini yatupasa kuuliza swali gumu. Wimbo ukiisha kufika rafuni, ni nani auimbaye tena? Vitabu vya Cory viliandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2010 msomi wa Kimarekani Frank Gunderson alitoa kitabu kikubwa chenye nyimbo zaidi ya 300 za kazi za Wasukuma. Kazi ya kusifiwa sana, lakini ilichapwa Uholanzi na kufafanuliwa kwa Kiingereza. Mjukuu wa ningi anayesoma sekondari huko Itilima au Maswa yu mbali na kitabu hicho kama alivyo mbali na Ulaya. Nao mkusanyo wa Afrika Mashariki ulioko Mlimani husomwa humo humo maktabani, wala hauazimwi nje. Ulinzi huo ni wa haki, maana karatasi iliyopotea hairudi. Lakini matokeo yake ni kwamba mwenye wimbo amekuwa mgeni wa wimbo wake.

Wako watakaosema kwamba afadhali basi tusiandike, kwa kuwa karatasi huua ngoma. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba karatasi haina mguu wala vumbi, na wimbo wa mashindano bila umati ni nusu ya wimbo. Lakini wimbo usioandikwa hauna hata nusu hiyo. Dawa si kuacha kuandika. Dawa ni kuandika zaidi, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na kuhakikisha kwamba kila nakala iendayo Dar es Salaam imeacha pacha wake nyumbani.

Mwezi Novemba 2018 maktaba mpya kubwa, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilizinduliwa Mlimani. Nafasi ya rafu basi si kisingizio tena. Lakini kazi hii isiachiwe Chuo Kikuu peke yake. Shule zetu za sekondari hufunga mwezi Juni, wakati ule ule ngoma zinapoanza. Mwalimu wa historia na mwalimu wa Kiswahili waweza kuwapa wanafunzi kazi ya likizo: kila mmoja alete wimbo mmoja, jina la aliyeutunga, mahali ulipoimbwa, mwaka wake, na jambo lililosababisha utungwe. Jina la ningi lisisahauliwe, maana aliyetunga ni mwandishi sawa na mwandishi wa kitabu. Daftari hizo ziwekwe katika maktaba ya shule, hata kama maktaba hiyo ni kabati moja lenye kufuli.

Baada ya miaka 10 kabati hilo litakuwa na historia ya kiangazi 10 za Bariadi, zilizosimuliwa na walioziishi. Mtafiti kutoka Mlimani, au kutoka ng'ambo, atakapokuja kuuliza habari za Ntuzu, ataonyeshwa kabati hilo kwanza, na ataomba ruhusa ya wenyewe kulifungua.