Kusawazisha Mashine ya Kukuzia Picha

Mwaka 1841, Mwingereza William Henry Fox Talbot alipopewa hati ya uvumbuzi wa negativu yake ya karatasi, picha ilikuwa sawa na negativu kwa ukubwa, kwani viwili hivyo vilibanwa pamoja. Mwaka 1857, David Woodward wa Baltimore, Marekani, alipewa hati ya mashine ya kukuzia picha kwa nuru ya jua. Haja ilizidi mwaka 1925, kamera ya Leica ilipoanza kuuzwa Ujerumani, kwa kuwa negativu yake ilikuwa ya milimita 24 kwa 36 tu.

Picha inapokuzwa mara 10, kosa nalo hukua. Kwa hiyo negativu, lenzi na ubao wa karatasi havina budi kuwa sambamba. Kimoja kikiinama, upande mmoja wa picha hutokea wazi na wa pili wenye ukungu. Mlango ulio mraba huonekana mpana juu, mwembamba chini. Fundi mwangalifu alipima kwa pimamaji, akatia vipande vya karatasi chini ya nguzo, akapima tena. Asiyefanya hivyo aliilaumu kamera ya mwenzake kwa kosa lililozaliwa katika chumba chake cha giza.