Jina Lililolipa Nauli

Tunapozungumzia vijana wa Afrika Mashariki waliosafirishwa kwenda vyuo vya Marekani mwaka 1960, majina mawili hutajwa bila kukosa: Tom Mboya na John Kennedy. Jina la tatu, ambalo ndilo lililolipa nauli, ni la marehemu.

Joseph P. Kennedy Jr., kaka mkubwa wa John, alikuwa rubani wa jeshi la majini la Marekani, akirusha ndege za Liberator kutoka Uingereza kuwinda nyambizi za Wajerumani. Zamu yake ilikwisha, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Akabaki, na kujitolea kwa kazi ya siri. Ndege ilisheheni zaidi ya tani 9 za vilipuzi. Marubani wawili waipaishe, kisha waruke kwa miavuli pindi itakaposhikwa kwa mawimbi ya redio na kuelekezwa kwenye ngome ya mizinga huko Mimoyecques, Ufaransa. Tarehe 12 Agosti 1944 ililipuka katika anga ya Suffolk, wote wawili wakiwa ndani. Joseph alikuwa na miaka 29. Hakuna mwili uliopatikana. Na ngome yenyewe ilikwisha kuharibiwa na mabomu ya Waingereza mwezi mmoja kabla. Alikufa akienda kubomoa kilichokwisha kubomoka.

Familia haikukubali jina lizikwe. John alikusanya kumbukumbu za ndugu na marafiki, akazichapisha mwaka 1945 katika kitabu kisichouzwa. Manowari ilipewa jina la marehemu. Mwaka 1962 ilishiriki kuzuia meli zilizoelekea Kuba, kwa amri ya mdogo wake aliyekuwa sasa Rais. Nao wazazi walianzisha mfuko wa hisani kwa jina lake mwaka 1946.

Mfuko huo ndio unaotuhusu. Serikali ya Marekani ilipokataa kugharamia usafiri wa wanafunzi, Mboya alimwendea John, mgombea urais, nyumbani kwake Hyannis Port, Julai 1960. Mfuko ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alikuwa miongoni mwa waliosafiri mwaka huo. (Barack Obama, baba wa Rais, huhesabiwa kimakosa humo, yeye aliondoka 1959.) Sifa zilimwendea mgombea, naye alizihitaji. Simlaumu, fedha za msiba zilisomesha watu.

Lakini ndani ya ndege ile walikuwamo wawili. Wilford John Willy, wa Texas, aliacha mke na watoto watatu. Jina lake limechongwa ukutani pamoja na la mwenzake katika makaburi ya Wamarekani karibu na Cambridge, na kwa wengi linaishia hapo. Hakuacha baba tajiri.

Miezi sita kamili kabla ya mlipuko ule, tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Japani iliizamisha meli ya Khedive Ismail katika Bahari ya Hindi, ikiwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo. Walikufa watu 1,297, wakiwamo mamia ya askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yamechongwa katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Ngong, Nairobi. Lango huwa wazi, na wasomaji wangu wengi hulipita kila asubuhi wakienda kazini.