Kwa nini majina 17 yalipotea Kikuubo

Leo hatusimulii vita. Tunasimulia mstari.

Kikuubo mnapajua: kichochoro chembamba cha maduka ya jumla, na wenzetu wengi tuliotoka nao Kongo wanakula kwa kubeba makatoni pale. Tuliwaandikia programu ndogo kwa Python. Faili moja, kila mstari jina moja. Mtu akifika, programu inasoma mstari kwa mstari na kusema kama yumo kwenye malipo ya siku.

Jioni ya kwanza walipanga foleni watu 18. Watu 17 wakaambiwa "hayumo". Akaonekana mmoja tu, yule wa mwisho kwenye faili. Wakaanza kumtazama vibaya, eti ametuhonga. Tukarudi kwenye daftari la karatasi, wote wakalipwa, lakini aibu ilibaki.

Kosa lilikuwa la zamani kuliko sisi. Zamani maandishi yalipigwa na teleprinta, mashine ya kuandika kwa waya. Mstari ukiisha, ilihitaji amri mbili: rudi kushoto, kisha sogeza karatasi. Mwaka 1963 orodha ya herufi za kompyuta, ASCII, ilizipa amri hizo namba 13 na 10. Watu wa Unix, iliyoanza Bell Labs mwaka 1969, wakabakiza 10 peke yake. Windows inaandika zote mbili mpaka leo.

Python ya Guido van Rossum, iliyotoka 1991, ikisoma mstari haiikati alama hiyo. Ina sababu: mstari mtupu bado una alama, lakini faili ikiisha unapata utupu kabisa. Bila hivyo usingejua umefika mwisho au umeruka nafasi tu. Tangu toleo la 2.2, mwaka 2001, unaandika tu "for mstari in faili", na faili kubwa haijazi kumbukumbu ya kompyuta.

Basi kila jina letu lilikuwa na mkia usioonekana. Jina la mwisho hatukulibonyezea Enter, kwa hiyo halikuwa nao. Dawa ni neno moja: strip().

Yule kaka tulimwomba msamaha mbele ya wote. Nanyi mnaojifunza, kabla hamjamshuku mtu, angalieni kwanza mwisho wa mstari.