Nasaba ya Sungura Wawili

Wasimulizi wa hadithi humpenda mnyama dhaifu kuliko mwenye nguvu, kwa kuwa simba hana haja ya hila. Katika vitabu vya watoto vya Kiingereza, sungura wawili wamepata sifa kubwa: Brer Rabbit wa Marekani na Peter Rabbit wa Uingereza. Wasomaji wengi hudhani kuwa wawili hawa hawana ujamaa. Tarehe zasema vingine.

Mwaka 1862 kijana Joel Chandler Harris aliajiriwa katika kiwanda cha kupiga chapa kilichokuwa katika shamba la Turnwold, jimbo la Georgia. Baada ya kazi alizoea kwenda vibandani mwa watumwa kusikiliza hadithi za wazee kama George Terrell na Harbert. Mwaka 1880 alitoa kitabu chake cha kwanza cha hadithi za Uncle Remus. Humo sungura aliyekamatwa na mbweha amsihi asimtupe miibani. Mbweha amtupa, kumbe miibani ndiko kwao. Mtumwa aliyesimulia kisa hicho hakutaka kuchekesha watoto tu. Alisema kwa fumbo jambo ambalo, lau angalilisema waziwazi, lingalimpatia mjeledi. Wataalamu wengi huona kuwa asili ya werevu huo ni Afrika, na msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa kwa visa vya sungura na fisi, hatashangaa.

Tarehe 4 Septemba 1893 Beatrix Potter alimwandikia mtoto mgonjwa, Noel Moore, barua yenye picha za sungura. Wachapishaji walipoikataa hadithi ile, mwaka 1901 alipiga chapa nakala 250 kwa fedha zake; mwaka 1902 Frederick Warne wa London wakaitoa kwa watu wote. Lakini katika miaka ileile ya 1890 Potter alikuwa akichora picha za hadithi za Harris, na hata neno la kuigiza mwendo wa Peter lafanana na lile la Brer Rabbit.

Hatari haikutoweka, maana baba yake Peter aliandikwa ndani ya mkate wa nyama. Lakini maana imegeuka. Peter aibapo mboga ni mtoto mtundu. Apoteza koti lake la buluu, arudi kwa mama, anyweshwa dawa, alazwa. Brer Rabbit aibapo apigania uhai.

Si kosa hadithi kusafiri na kubadili nguo. Kosa ni kusahau ilikotoka. Harris mwenyewe alijiita mkusanyaji, walakini jina lake ndilo lililobaki juu ya jalada, na ya Terrell na Harbert wayajua wachache. Sisi tumpendao sungura tuna deni kwa waliomlea utumwani: kuwataja.