Nyumba Iliyovuka Mpaka: Historia Fupi ya Maison Shalom

Tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye mjini Bujumbura. Alikuwa Mhutu wa kwanza kuiongoza Burundi, tena kwa kura za wananchi, na hakuwa amefikisha miezi minne madarakani. Kabla wiki haijaisha nchi ilikuwa inawaka. Vijijini Watutsi waliuawa na majirani zao. Jeshi na vijana wa Kitutsi wakalipiza kwa kuua Wahutu. Huko Ruyigi, mji mdogo wa mashariki usio mbali na mpaka wa Tanzania, watu wa makabila yote mawili walikimbilia uaskofuni. Aliyewapokea alikuwa katibu wa askofu, Mtutsi aliyezaliwa mwaka 1957, jina lake Marguerite Barankitse.

Ruyigi walikuwa wakimjua. Alikuwa amefundisha shule, akafukuzwa kwa kulalamikia jinsi wanafunzi wa Kihutu walivyobaguliwa. Alikuwa hajaolewa, lakini nyumbani kwake alilea watoto saba, Wahutu wanne na Watutsi watatu. Jambo hilo liliwakera hata baadhi ya watu wa ukoo wake muda mrefu kabla ya vita.

Jumapili ya tarehe 24 kundi la Watutsi wenye silaha lilifika uaskofuni. Walimvua nguo, wakamfunga kwenye kiti, wakaua watu 72 mbele ya macho yake. Yeye hawakumuua kwa kuwa alikuwa wa kabila lao. Zilipokuwa zikiendelea fujo hizo alijadiliana nao bei, akatoa fedha ili wawaachie watoto. Siku hiyo walipona watoto 25. Aliwapeleka kujificha nyumbani kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa misaada, wakakaa huko miezi kadhaa huku wengine wakizidi kuletwa: aliyeokotwa porini, mwenye kidonda cha risasi, na mtoto mchanga ambaye hakuna aliyejua ametoka kilima gani.

Mei 1994 Askofu Joseph Nduhirubusa, aliyeliongoza Jimbo la Ruyigi tangu mwaka 1980, aliwapa jengo la shule iliyokuwa haitumiki. Hapo ndipo Maison Shalom, yaani Nyumba ya Amani, ilipoanza rasmi. Siku ya kufungua milango haikuwa na katiba wala bajeti, na mfadhili alikuwa bado hajapatikana. Ilikuwa na watoto wa pande zote mbili waliokuwa wakila chungu kimoja wakati nje wazazi waliobaki hai wakiwindana. Walimwita mlezi wao Oma, neno la Kijerumani la kumwita bibi, na jina hilo limemganda hadi leo.

Inafaa kukumbuka ni Kanisa gani hilo lililotoa jengo. Burundi ni nchi ya Wakatoliki wengi, na waliouana mwaka 1993 wengi wao walikuwa wakisali kwenye parokia zilezile. Kanisa lenyewe liliuliwa watu wake. Septemba 1996 Askofu Mkuu Joachim Ruhuna wa Gitega aliuawa njiani. Tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia seminari ndogo ya Buta wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walipokataa, 40 waliuawa. Mwishoni mwa mwaka 2003 balozi wa Papa, Askofu Mkuu Michael Courtney, naye alipigwa risasi. Katika mazingira hayo, kukataa kuwagawa watoto kwa kabila hakukuwa hotuba ya mimbarini. Ulikuwa uamuzi ambao ungeweza kumgharimu mtu maisha usiku huohuo.

Vita ilipoendelea idadi ya watoto ilipanda hadi maelfu, na mashirika mengi yangefanya lililo rahisi: kujenga bweni kubwa, kupanga vitanda mistari miwili, kuweka kibao barabarani. Maison Shalom ilichukua njia nyingine, na kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha historia yake, kuliko hata siku ile ya uaskofuni ambayo ndiyo husimuliwa kila mahali. Kituo cha yatima kilionekana kuwa pa kupitia tu. Kwanza walitafuta ndugu: shangazi aliyekimbilia Kibondo, Tanzania, babu aliyebaki mlimani, mama aliyedhaniwa amekufa. Ndugu wasipopatikana, watoto waliwekwa wachache wachache katika nyumba ndogo zilizojengwa vijijini, wakubwa wakiwatunza wadogo, na chakula kikitoka shambani mwao wenyewe.

Shamba ndilo lililokuwa gumu. Burundi ni ndogo, ina watu wengi, na karibu kila mtu huishi kwa jembe. Ardhi ya marehemu haikai wazi mwezi mzima kabla jirani au baba mdogo hajaihamishia mipaka. Aliyekimbilia Tanzania wakati wa mauaji ya mwaka 1972 akirudi humkuta mwingine kwenye shamba la baba yake. Aliyekimbia mwaka 1993 akirudi humkuta wa tatu. Mtoto wa miaka kumi asiye na mzazi hawezi kusimama mbele ya wazee wa kilima akadai. Ndiyo maana shirika lililoanza kwa kuwapa watoto uji lilijikuta likiwasimamia mahakamani kudai mirathi. Kazi hiyo haipigwi picha nzuri kwa ajili ya kalenda ya wafadhili, lakini nyumba bila shamba mashambani mwa Ruyigi isingekuwa nyumba.

Baada ya hapo mambo yalifuatana haraka. Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, usuluhishi ukiwa umeanzwa na Mwalimu Nyerere na kumaliziwa na Mandela. Mapigano yaliendelea kwa miaka kadhaa zaidi, lakini watu walianza kurudi. Shirika likafungua gereji ambako vijana waliowahi kubeba bunduki walijifunza ufundi wa magari. Mikopo midogo ikatolewa kwa wanawake. Watoto waliofungwa gerezani pamoja na watu wazima walipata wa kuwafuatilia. Mjini Ruyigi yakajengwa majengo yaliyopewa jina la Cité des Anges, yaani Mji wa Malaika, yenye ukumbi wa sinema. Bwawa la kuogelea nalo likachimbwa. Wapo waliouliza sinema na bwawa vinatafuta nini katika mkoa ambao watu wanalala njaa. Barankitse hakuwahi kuona aibu kwa hilo. Kwa hoja yake, mtoto aliyeona mama yake akiuawa anahitaji pia pa kuchekea, na kijana wa Kihutu na wa Kitutsi waliokaa safu moja gizani wakitazama filamu wamepiga hatua ambayo semina ya maridhiano haiwezi kuwalazimisha kuipiga. Mwaka 2008 ilifunguliwa Hospitali ya REMA, ikilenga zaidi akina mama na watoto, katika eneo ambalo kujifungua kulikuwa kama kamari.

Tuzo nazo zikaja: ya watoto wa dunia kutoka Sweden mwaka 2003, ya Nansen ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi mwaka 2005, na ya Opus mwaka 2008 iliyokuja na dola milioni moja. Zilisaidia kulipa bili. Pia ziliifanya taasisi nzima ionekane kama mtu mmoja, na nikisoma mengi yaliyoandikwa juu yake nasikitika kwamba walezi, wauguzi, madereva na mafundi, ambao wengi wao walikuwa watoto wa nyumba hiyohiyo, hawatajwi hata kwa mstari.

Aprili 2015 chama tawala kilimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Vijana waliingia barabarani Bujumbura, polisi wakawapiga risasi, na tarehe 13 Mei jaribio la mapinduzi likashindwa. Maaskofu Katoliki waliwaondoa mapadre wao katika tume za uchaguzi. Barankitse alisema hadharani kwamba muhula huo ulikuwa unaua Mkataba wa Arusha, na kwa kusema hivyo akawa anatafutwa. Alijificha, kisha akatoka nchini. Novemba mwaka huohuo serikali ilisimamisha asasi 10 za kiraia, Maison Shalom ikiwa miongoni mwao, na akaunti za benki zikafungwa. Kazi ya miaka 22 ikawa haina hata fedha ya mafuta ya gari.

Taasisi nyingi hufia hapo. Hii ilifuata watu wake. Warundi zaidi ya 400,000 walikuwa wameikimbia nchi kufikia mwaka 2017. Wengi walipokelewa Tanzania, katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli, na wengine Rwanda, ambako kambi ya Mahama wilayani Kirehe ilifunguliwa Aprili 2015 na kuhifadhi zaidi ya watu 50,000. Barankitse alihamia Rwanda. Aprili 2016, mjini Yerevan, alikabidhiwa Tuzo ya Aurora iliyokuwa ikitolewa kwa mara ya kwanza, kwa kazi iliyowafikia watoto wapatao 30,000. Kwa utaratibu wa tuzo hiyo wakati huo, mshindi alipata dola 100,000, kisha akachagua mashirika ya kugawiwa dola milioni moja. Aliwachagua waliomsaidia zamani, Caritas ya Ujerumani na wakfu wa familia ya kifalme ya Luxembourg wakiwemo.

Mwaka 2017 kilifunguliwa kituo cha Oasis of Peace jijini Kigali. Huko hufundishwa upishi, ushonaji, sanaa na lugha. Waliobakwa au kuteswa hupata wa kuwasikiliza. Na wanafunzi waliokatiza chuo kikuu Bujumbura hutafutiwa ada waendelee. Kazi ilifika Mahama pia. Mwenye macho ataona ni utaratibu uleule wa Ruyigi: mtu asikae kwenye foleni ya mgao muda mrefu kuliko inavyolazimu, apate stadi, apate watu wa kuitwa nyumbani. Tofauti ni kwamba safari hii hakuna shamba la kudai, kwa kuwa mkimbizi analima kwenye ndoto tu.

Nkurunziza alifariki Juni 2020, na Agosti mwaka huo misafara ya kwanza ya wakimbizi ilianza kurejea Burundi kutoka Mahama. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda. Maison Shalom imeadhimisha miaka 30 ikiwa Kigali, na waliorudi nyumbani tayari wameanza kesi za mashamba.